Hodi ya Nne

Mfuniko wa birika ulianza kucheza kabla jogoo hajakumbuka kazi yake. Tiki, tiki, tiki. Bi Nakijwa aliupenda mlio ule kuliko redio. Ndani mlikuwa na maji ya kikombe kimoja na kidogo, yaliyochujwa mara ya pili baada ya kuoshea mchele, lakini birika halikujua habari za vita. Lilichemka kwa furaha ileile ya siku zote.

Ndipo aliposikia sauti yake mwenyewe mlangoni.

"Hodi."

Hakushtuka. Kwa miaka mingi sasa sauti yake ilikuwa ikitembea bila yeye. Alipostaafu ukunga, mafundi wa shirika la misaada walikuja wakaketi naye masika nzima, akizungumza nao wakirekodi: salamu, pole, kumtuliza mzazi, kumkemea mtoto asiyetaka dawa. Sauti hiyo wakaitia ndani ya Mbeleko, zile mashine zenye miguu minne na mgongo laini, zinazobeba wagonjwa kama mama anavyombeba mtoto kwa kitambaa. Ubavuni zina alama nyekundu ya tiba. Hupanda mlimani kwa watu wa Juu, hushuka kwa watu wa Bondeni, na hakuna anayezipiga risasi. Wakati ule alikuwa ametoa sharti moja tu: mashine isiingie nyumba ya mtu mpaka isikie "karibu". Mgeni asiyekaribishwa ni mwizi, aliwaambia, hata akiwa amebeba dawa.

"Hodi wenyewe," ikasema sauti mara ya pili.

Bi Nakijwa akajifunga khanga taratibu. Mbeleko ina subira, haina magoti yanayouma.

"Hodi, jamani."

Alikuwa bado anatafuta kandambili. Si kitu, itageuka ikae karibu na banda la mbuzi, ingoje jua liijaze nguvu. Akatega sikio asikie nyayo zake za mpira zikiondoka.

"Hodi," ikasema mara ya nne.

Mkono wake ukasimama juu ya mfuniko wa birika.

Katika milima ile, hodi ni tatu. Ya kwanza ni ya kumwamsha mwenye nyumba, ya pili ni ya kumpa nafasi ajisitiri, na ya tatu ni ya kumuaga. Anayebisha ya nne hataki kukaribishwa. Anataka kuingia.

"Wewe si wangu," Bi Nakijwa akasema kupitia mlango uliofungwa. "Aliyekutuma ajitokeze aseme kwa kinywa chake."

Kisha kikohozi cha mwanamume, na sauti ya msichana ikinong'ona, "Nilikuambia atajua, Afande."

* * *

Kanali Kiangi wa jeshi la Bondeni alivua buti mlangoni bila kuombwa. Soksi yake moja ilikuwa imetoboka kidoleni, naye akakificha kidole hicho chini ya mguu mwingine kama mtoto wa shule. Kabla ya kuketi aliweka mezani chupa ya maji, mgao wake wa siku, haijafunguliwa. Bi Nakijwa aliona yote mawili. Mtu hawezi kukosa utu, alifikiri, akiwa anaona haya kwa soksi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe binti?"

"Shikamoo, Bibi. Luteni Navoneiwa. Mimi ndiye mwanasheria wa kikosi." Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu. Bi Nakijwa akaigawa chai ile kidogo katika vikombe vitatu, akamsogezea yeye kwanza.

Nje, mashine ilisimama gizani kama mbuzi aliyefungwa. Ilikuwa na umbo la Mbeleko, ila ubavuni haikuwa na alama yoyote.

"Ilikosea wapi?" Kanali aliuliza. "Sauti ni yako. Tulitega vinasa sauti njiani, Mbeleko zako zikipita, tukaziba mapengo. Mama yangu mwenyewe angefungua."

"Mama yako anakaa wapi?"

"Mjini. Ghorofa ya saba."

"Ahaa. Huko mnabonyeza kengele. Kunywa chai, mwanangu, inapoa."

Luteni Navoneiwa akainamia kikombe chake. Bi Nakijwa alimwona akibana midomo ile iliyopasuka, na hakujua anabana kicheko au neno.

Kanali akaeleza, naye hakuficha kitu. Watu wa Juu walikuwa wameshika ndiva, lile lambo kubwa la mawe lililojengwa na mababu wa pande zote mbili, wakafunga lango la maji. Visima vya Bondeni vilikuwa vinatoa tope. Kulishambulia lambo haiwezekani. Ukuta ukivunjika, maji yatakuja yote kwa pamoja na kuufuta mji. Walinzi wa lango wanaishi kwenye nyumba ya mawe, mlango mmoja, chuma kitupu. Mlango huo haumfungukii mtu yeyote ila Mbeleko.

"Itabisha hodi," Kanali akasema. "Wataitikia. Mgongo utafunguka, utatoka wavu wa nyuzi laini uwafunike wote. Vijana wangu watawakuta wamenaswa kama kumbikumbi. Hakuna risasi, Bibi. Hakuna tone la damu. Jioni ile ile maji yanashuka."

"Basi mnanihitaji wa nini? Sauti mnayo."

"Tunayo ya hodi. Lakini wale kabla ya kufungua huwa wanaongea. Wanauliza umeamkaje, goti linaendeleaje. Mashine zako zinajua kujibu. Hii haijui, na sauti kamili imefungwa, haifunguki bila ridhaa yako. Nataka ukae na maikrofoni hapa hapa jikoni. Uwajibu wewe."

Bi Nakijwa akazungusha kikombe chake. "Kudanganya vitani si ndiyo kazi yenu? Wale mliwapiga mabomu wiki nzima, nikasikia ilikuwa migomba."

Kanali akacheka bila kutaka. "Migomba! Wameikata, wameipaka masizi, wameipanga kwenye ukingo wa mlima, mbali na lambo, kama mizinga. Nimemaliza makombora yangu kuua migomba."

"Na hawakuvunja sheria yoyote," Luteni akadakia. "Hiyo inaitwa hila, Bibi. Mizinga ya uongo, moto wa uongo, habari za uongo kwenye redio, kujificha kwa majani. Adui anajua uko vitani naye, ni juu yake kufungua macho. Tulidanganywa kihalali."

"Na hii yenu ya hodi?"

Luteni akamtazama Kanali. Kanali akatazama dirisha.

"Sheria imekataza bendera nyeupe ya uongo," Kanali akasema. "Imekataza kuvaa alama ya tiba kwa hila. Mashine yangu haina alama. Nimeiosha ubavu mimi mwenyewe. Hakuna kifungu hata kimoja kinachotaja sauti ya bibi."

"Luteni?" Bi Nakijwa akauliza kwa upole.

Binti akaweka kikombe chini. "Kuna kitu kingine, kinaitwa hiana. Ni kumfanya adui aamini kwamba sheria inakulinda wewe, au inamlinda yeye mbele yako, kisha ukaitumia imani hiyo kumuua, kumjeruhi, au kumteka. Hata kumteka. Lakini sijaandika ushauri wangu bado. Dada yangu ana mapacha huku Bondeni, Bibi. Wananyonya kwa mama asiye na maji ya kunywa. Kila nikishika kalamu nawaona wao."

Bi Nakijwa alikuwa na mjukuu, Namkunda, amelazwa kwenye wodi ya wazazi akingoja uchungu. Alijua, kuliko wote wawili, kuzalisha bila maji kukoje.

"Niacheni nikamwone mjukuu wangu," akasema. "Nitawapa jibu kabla ya jua kusimama utosini."

* * *

Wodi ilinuka dettol kavu na jasho. Namkunda alikuwa ameketi kitandani, tumbo limemtangulia, akimnywesha mwanamke wa kitanda cha pili kutoka kwenye bakuli lake mwenyewe.

"Hilo ni fungu lako," Bi Nakijwa akasema.

"Huyu kajifungua alfajiri, Bibi. Mimi bado naweza kutema mate." Akacheka, akamwegemea. "Mtoto wako huyu anapiga teke kama mbuzi. Nikizaa kabla maji hayajaja mtaniosha kwa nini? Kwa maombi?"

Bi Nakijwa alimwambia kila kitu. Hakuwahi kumficha mtoto huyu neno tangu mama yake alipofariki.

Namkunda akapapasa tumbo. "Neno moja tu, Bibi? Wewe useme goti limepona, halafu maji yaje?"

"Hilo tu."

"Ningelisema," Namkunda akajibu, wala hakuona haya. "Nisikudanganye. Ningelisema hata mara mia."

Bi Nakijwa akambusu paji la uso. Alimpenda zaidi kwa kutomdanganya.

Mlangoni alikutana na muuguzi akiwa na Mbeleko, ile ya kweli, yenye alama nyekundu na kovu la moto mguuni. Mfuko wake wa dawa ulikuwa umejaa.

"Imerudi na dawa zote," muuguzi akasema. "Haijawahi kutokea. Kwa Mama Eshi, yule jirani yako, mtoto ana homa kali, nao hawakuitikia. Imebisha, imeondoka. Nadhani wamehama."

Mama Eshi hakuwa amehama. Juzi tu alikuwa ameazima pakacha. Bi Nakijwa akachukua mfuko wa dawa, akaenda mwenyewe, goti likilalamika njia nzima, Mbeleko ikimfuata nyuma.

"Hodi."

Alisikia kitu kikiburutwa ndani, kama kabati likisukumwa mlangoni.

"Hodi, Mama Eshi. Ni mimi jirani yako."

Kitasa kilitulia.

"Hodi ya kukuaga, mwanangu. Naiacha dawa kizingitini, naondoka."

Akaiweka, akageuka. Alikuwa amefika kwenye ua mlango ulipofunguka upenyo wa kidole, jicho likachungulia.

"Ni wewe kweli?"

"Mimi wa juzi, mwenye pakacha."

Mama Eshi akaanza kulia. "Jana alfajiri sauti yako ilibisha mara nne, Bibi. Mara nne! Mtoto akaniuliza, Bibi ametukasirikia? Nikachungulia nikaona kitu cheusi kisicho na alama. Leo iliposema tena hodi, nikamziba mtoto mdomo. Nikasukuma kabati."

Kumbe walikuwa wamejaribu hapa kwanza, kabla ya kwake. Bi Nakijwa aliingia, akampima mtoto, akamnywesha dawa kwa kijiko, akakaa kumshika kichwa mpaka jasho la nafuu lilipomtoka. Dawa ilikuwa imechelewa, lakini haikuchelewa mno. Mwaka mwingine, mlango mwingine, ingechelewa mno.

Alimtazama mtoto aliyelala, na swali lililokuwa zito jikoni likawa jepesi, ingawa jibu lake halikuwa jepesi. Mlinzi wa lango akinaswa leo kwa sababu alisema "karibu", kesho ni nani mlimani atakayelitamka neno hilo? Mbeleko itapanda na damu ya kuongezea mtu, ibishe, ikute kabati. Itashuka Bondeni, ikute kabati. Watu watakufa nyuma ya milango yao, dawa ikiwa kizingitini.

* * *

Kikosi kilikuwa kimepiga kambi kwenye shule. Kanali alimpa kiti chenye mto, akabaki amesimama.

"Siwezi, mwanangu," Bi Nakijwa akasema. Akamweleza habari ya Mama Eshi, wala hakupandisha sauti.

Kanali akafuta uso. "Na maji, Bibi? Na mjukuu wako?"

"Sijui. Laiti ningejua ningekuambia. Ninachojua ni kwamba sauti ile si yangu tena. Niliitoa. Ni ya kila mgonjwa anayesubiri nyuma ya mlango. Nikikupa wewe, namwibia yeye."

"Naweza kuendelea bila wewe. Nikajaribu kwa hodi tupu."

"Unaweza."

Luteni Navoneiwa akasimama karibu na ubao, mahali ambapo bado palikuwa na hesabu za watoto. "Afande, ushauri wangu ni kwamba hii ni hiana. Sheria haikuweka orodha ya vitambaa na rangi tu. Alama ni nguo. Kinacholindwa ni imani iliyo ndani ya nguo. Tumeifuta rangi kwenye ubavu, tumeiacha imani kwenye sauti, na ndiyo tunayotaka kuitumia. Nitatia sahihi hivyo." Sauti yake ikapungua. "Na mapacha wa dada yangu wananisikia nikisema."

Kanali alikwenda dirishani. Hatimaye akatoka uwanjani, akapiga magoti mbele ya mashine yake nyeusi, akaifungua kifuani, akachomoa kijaluba cha sauti, kidogo kama punje ya hindi. Akarudi ndani, akamwekea Bi Nakijwa kiganjani.

"Niliiosha ubavu usiku kucha," akasema. "Nilidhani nikiisugua vya kutosha nitaacha kuona aibu."

Bi Nakijwa akaifunga punje ile kwenye pindo la khanga, mahali pa kufungia vitu visivyopaswa kupotea.

"Sasa niambie," Kanali akasema, "ilikosea wapi?"

Bi Nakijwa akamtazama Luteni. Luteni akatazama viatu vyake. Bi Nakijwa alielewa hapo kwamba binti huyu, mzaliwa wa milima hii, alikuwa ameisikia hodi ya nne tangu kwa Mama Eshi, akanyamaza, ili kosa libaki mahali pake, liwaonye watu.

"Waulize waliokulea ghorofani," Bi Nakijwa akamjibu, naye Luteni akacheka mpaka mdomo ukatoa damu kidogo.

* * *

Siku ya zamu ya dawa za Juu, Bi Nakijwa alipanda na Mbeleko yeye mwenyewe. Aliikalia mgongoni kwenye miinuko, akashuka kwenye miteremko kuihurumia, ingawa alijua haichoki. Kabla ya kufika lamboni aliiona migomba mingine mipya, imepakwa masizi, imeelekezwa Bondeni. Macho yake yakapita juu yake kama yanavyopita juu ya mtu aliyekutwa akivaa nguo. Alikuja na dawa, si na macho.

Mlango wa chuma ulikuwa umefungwa. Habari hupanda mlima haraka kuliko mbuzi.

"Hodi."

Upepo tu.

"Hodi wenyewe. Nimeleta dawa za vidonda."

Chuma kililia ndani. Bunduki ilikuwa imeegemezwa, au imeinuliwa.

Aliwaza kueleza. Angeweza kusema, mashine ile imevunjwa, kijaluba kiko khangani mwangu, nafungua niwaonyeshe. Lakini hata mwongo angesema hivyohivyo, tena kwa ufasaha zaidi.

"Hodi ya kuwaaga," akasema. Akaweka mfuko kizingitini, akaigusa Mbeleko begani, wakageuka.

Walitembea. Alihesabu moyoni maumivu ya goti badala ya hatua. Nyuma yake komeo likavutwa.

"Karibu!" mwanamume aliita. "Bibi, karibu! Aliyeondoka ndiye mgeni."

Aliitwa Chedieli, mkuu wa walinzi wale, mwenye ndevu za mvi na shati lililoshonwa kwa uzi wa gunia. Ndani, kijana mmoja alikuwa amelala, paja limevimba usaha. Bi Nakijwa alimsafisha, Mbeleko ikimwambia kijana kwa sauti ileile, "Pumua, mwanangu, pumua," naye mgonjwa akawatazama mmoja mmoja, akashindwa kujua amshukuru nani.

"Tulisikia sauti yako imekuwa mamluki," Chedieli akasema.

"Iliibiwa. Imerudishwa, na aliyeirudisha aliumia kuirudisha. Hilo nawe ulijue."

Chedieli alimmiminia maji. Maji mengi, safi, kikombe mpaka ukingoni. Bi Nakijwa alikitazama kikombe kile, na kwa mara ya kwanza katika siku zote zile, machozi yakamjia.

"Hayapiti kooni?" Chedieli akauliza polepole.

"Nina mjukuu wodini. Sikuja kuomba, mwanangu. Umeuliza tu."

Chedieli alitoka nje. Bi Nakijwa alimsikia akibishana na mtu, sauti zikipanda, zikishuka. "Tangu lini ndiva ikafungwa kwa mzazi?" alimsikia akisema. "Mama yako alikuogesha kwa vumbi?" Kisha gurudumu la chuma likazunguka kidogo, likakataa, likazunguka tena. Halikuwa lango kubwa. Ulikuwa mfereji mwembamba wa pembeni, ule ambao wazee waliuita mfereji wa wazazi, haujaachiwa maji tangu vita vianze. Maji yakaanza kuteremka, membamba kama mkono wa mtoto, yakinung'unika kwenye mawe.

"Ni ya wodi," Chedieli akasema aliporudi. "Ya watoto na mama zao. Askari wao wakinywa, nitafunga. Mwambie Kanali wako."

"Nitamwambia."

"Na akikuuliza umeona nini huku?"

"Nimeona paja la mgonjwa, limevimba. Litapona."

Chedieli akatabasamu, akatazama upande wa migomba yake.

Alimsindikiza mpaka ukingo wa mteremko, kama inavyopasa. Kijana mwenye kidonda cha paja alikuwa amejivuta mpaka mlangoni, ameshika fremu, anahema.

"Bibi!" akaita. "Mashine yako nzuri, lakini mkono wake hauna joto. Utakuja tena? Njoo mwenyewe, Bibi. Tutakuitikia hodi ya kwanza."